Anavua, anambusu, anamrudisha mtoni! Vijana wa Newala mpo?

Leo nina stori ambayo pale kijiweni kwetu ilizua ubishi hadi kahawa ikapoa vikombeni.

Kuna watu duniani, tena si wachache, wanapanda ndege kutoka kwao Ulaya na Marekani, wanalipa maelfu ya dola kwa wiki moja, wanashinda juani wakivua samaki. Wakimpata wanampiga picha, wengine wanambusu kabisa, mwaa! Halafu wanamrudisha majini aende zake. Mzee wetu wa kahawa akauliza, "Sasa hao wana njaa kweli?" Hawana, mzee wangu. Ndiyo maana wanamrudisha.

Wengine walicheka hadi machozi. Mshikaji mmoja hakucheka. Huyu ni mtu wa Newala, anauza mashati ya mitumba Kariakoo, na ana mdogo wake kule nyumbani aliyemaliza kidato cha nne na sasa anapiga simu kila wiki akitaka nauli ya kuja Dar. Akanigeukia: "Kaka, hiyo kazi ya kumwonyesha mzungu samaki alipo inasomewa wapi?"

Ebwana, swali zuri hilo. Kwanza tuelewane kinachovuliwa na jinsi kinavyovuliwa, maana si ule uvuvi wa nyavu na mgono tunaoujua.

Wanaita kuvua kwa nzi. Usikimbie, nzi mwenyewe si wa jalalani. Ni ndoana ndogo iliyofungwa manyoya na uzi kwa ustadi mpaka ifanane na mdudu, au na kisamaki kidogo. Haina uzito hata kidogo, kwa hiyo huwezi kuitupa kama jiwe. Unachorusha ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na una uzito wake. Unaupeleka nyuma, unauacha unyooke hewani, unaurudisha mbele, nzi anatua juu ya maji taratibu kama kadondoka mwenyewe. Ukikosea, ndoana inakuingia sikioni. Au inamwingia guide wako, jambo ambalo wenyewe wanasema hutokea mara nyingi tu.

Na huyo guide ndiye tunayemzungumzia. Kazi yake si kubeba begi. Yeye ndiye anayejua samaki amelala nyuma ya jiwe lipi, saa ngapi anakula, maji yakiwa na tope tufanyeje. Anaushikilia mtumbwi usiyumbe wakati mgeni anarusha. Anachagua nzi wa kufunga. Samaki akishikwa, analowesha mikono kabla ya kumgusa ili asimtoe ule utelezi unaomkinga na magonjwa, anamchomoa ndoana isiyo na kijino, anamshika ndani ya maji akiwa ameelekea mkondo hadi apate nguvu, ndipo anamwachia. Na mgeni akikosa samaki siku nzima, guide ndiye anayempigia stori jioni asiondoke amenuna. Nusu ya kazi ni maji, nusu nyingine ni binadamu.

Sasa usidhani haya ni mambo ya ughaibuni tu. Hapa hapa kwetu, katika mito ya Mnyera na Ruhudji kwenye bonde la Kilombero, miaka ya 2010 wageni walikuwa wanakuja kufuata tigafishi, samaki mwenye meno kama msumeno. Wa Kilombero wakapata sifa duniani kwa ukubwa, wengine wakivuka kilo tisa. Kampuni iliyopeleka wageni ilikuwa ya Afrika Kusini, na maguide waliokuwa wakitajwa kwenye safari zile wengi walitoka huko huko. Siwalaumu. Walikuja na ujuzi, walikuja na wateja. Lakini mto ni wetu, samaki ni wetu, mbu ni wetu, na mshiko mnene wa guide ukapanda ndege.

Kenya nao wana historia yao. Samaki wa trauti waliletwa kutoka Uskochi mwaka 1905 na kumwagwa katika mto Gura kule Aberdare, kazi ya mlowezi mmoja aliyeitwa Ewart Grogan. Wazungu walitaka mchezo wa kwao. Leo kilichobaki kikubwa, kwa maoni yangu, ni vile vidole. Kenya inajulikana kwa kuuza nje nzi waliofungwa kwa mkono, na wanaofunga ni vijana na akina mama ambao wengi wao hawajawahi kuvua hata perege. Mtu anakaa mezani na uzi na unyoya wa kuku, anachotengeneza kinaishia mdomoni mwa samaki wa Marekani. Niliposikia hivyo nikawawazia Wamakonde moja kwa moja. Mkono unaoweza kutoa ujamaa wa watu ishirini kutoka kwenye gogo moja la mpingo utashindwa na kinzi cha manyoya?

Turudi kwa kijana wetu. Kisheria, kiti chake kipo tayari. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 iliitenga kazi ya kuongoza watalii kwa Watanzania. Kana kwamba hiyo haitoshi, Julai 2025 Wizara ya Viwanda na Biashara ikatoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, na kuongoza watalii imo humo pamoja na saluni na kutengeneza simu. Mlango umefungwa kwa wageni. Haya, nani anamfundisha mwenyeji kuingia? Maana sheria inaweza kumfukuza mtu kazini lakini haiwezi kumfundisha mwingine kurusha mshipi.

Na hapa ndipo Newala inaponichekesha na kunitia huruma kwa pamoja. Unataka kufundisha uvuvi juu ya uwanda wa Makonde? Jamani! Aliyewahi kukaa Newala anajua. Uko juu, zaidi ya meta 700 kutoka usawa wa bahari, upepo mwanana, mikorosho hadi macho yanachoka, lakini mto hakuna. Mvua ikinyesha inazama kwenye ule udongo kama imeingia kwenye gunia. Tangu zamani akina mama walishuka genge kufuata maji na kulipanda tena na mzigo kichwani. Mabomba ya kupandisha maji kutoka chemchemi za bondeni yalianza kuhangaikiwa tangu enzi za mkoloni, na hadi leo ndoo ya maji Newala si kitu cha kuchezea. Ukimwambia bibi wa huko kwamba kuna mtu analipa dola asimame ndani ya maji kutwa nzima bila kuchota, atakuombea dua.

Tena Wamakonde wenyewe wana hadithi yao juu ya hili. Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala mwaka 1906, wakati vumbi la Majimaji halijatulia, akaiandika. Kwa ufupi inasema hivi: mtu wa kwanza aliishi peke yake porini, akachonga sanamu ya mwanamke, usiku ikawa mtu. Wakaenda kuoga Ruvuma, mtoto akazaliwa amekufa. Wakahamia bonde la Mbwemkuru, hali ikawa ile ile. Walipopanda juu, Mahuta, ndipo mtoto akaishi. Kwa hiyo wakausia: kaeni juu, mbali na maji makubwa. Ukiondoa ushirikina wote hapo utabaki na malaria, na wazee hawakuwa wajinga.

Kwa hiyo kijana aliyezaliwa Newala mjini, kuogelea atajulia wapi? Mimi ningekuwa na hiyo shule, somo la kwanza lisingekuwa Kiingereza. Lingekuwa kuelea. La pili, mamba. Ukiinama ukingoni pale Newala panapoitwa Shimo la Mungu, genge linaporomoka miguuni mwako, na mbali kule chini unauona Ruvuma umejilaza kama mshipi uliosahauliwa, ng'ambo yake Msumbiji. Mto ule una kambale, una perege, na una mamba na viboko wasiojua kwamba huyu ni mgeni wa dola. Mvuvi wa nzi anapenda kuingia majini hadi kiunoni. Guide wa Ruvuma anayestahili mshahara ni yule atakayemwambia "Hapa usiingie" na akasikilizwa.

Na huyo tayari yupo. Yupo kwenye vijiji vya bondeni, ana mtumbwi wa gogo na pondo, anavua tangu ana miaka minane. Anajua maji yakipungua kambale wanajikusanya wapi. Anajua mamba wa pale anaota jua saa ngapi. Nusu ya kazi anaiweza kuliko mwalimu yeyote utakayemleta. Kinachopungua ni ile nusu ya pili: lugha, huduma ya kwanza, leseni, namna ya kumshika samaki bila kumuua, na moyo wa kumwachia. Hilo la mwisho msilidharau. Kumwambia mtu ambaye watoto wanamsubiri nyumbani kwamba kambale wa kilo sita anarudi mtoni, ni lazima umwonyeshe kwa hesabu, tena ya noti mkononi, kwamba akiwa hai analipa zaidi kuliko akiwa kwenye sufuria.

Watu wa kusini hawahitaji kufundishwa maana ya shule ya porini. Jando na unyago vilikuwa nini? Vijana wanatolewa nyumbani, wanakaa na wakubwa wao, wanarudi na majina mapya na adabu mpya. Pale Masasi hata kanisa lilikubali; Padri Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu, aliingiza jando la Kikristo kabla ya vita vya kwanza vya dunia kwa sababu aliona kupambana nalo ni kupoteza muda.

Hata ndege huko wanaongoza. Sitanii. Ng'ambo ya Ruvuma, katika hifadhi ya Niassa, Wayao wawindaji wa asali wana mlio wao wa kumwita ndege mwonyesha asali, mlio waliorithi kwa baba zao. Ndege anatangulia mti kwa mti hadi kwenye mzinga, mtu anachukua asali, ndege anabakiziwa nta. Mwaka 2016 watafiti walichapisha matokeo yao: mtu akitumia mlio ule, uwezekano wa kuongozwa ni asilimia 66, akitumia sauti nyingine yoyote unashuka hadi 33. Wayao wako Masasi na Tunduru pia. Mtu ambaye babu yake alikuwa na mkataba na ndege, wewe unamwita hana ujuzi?

Shule zenyewe zipo, ila hazijaunganishwa. Kule Likuyu Sekamaganga, wilayani Namtumbo, kuna chuo ambacho kwa miaka mingi kimewafundisha vijana wa vijijini kuwa askari wa wanyamapori wa vijiji vyao. Wanatoka shambani, wanarudi wanasoma ramani na nyayo. Mikindani, pembeni kabisa ya Mtwara mjini, kuna kampasi ya FETA, wakala wa serikali wa mafunzo ya uvuvi. Chuo cha Taifa cha Utalii kipo Dar. Mmoja anajua pori, mwingine anajua samaki, wa tatu anajua mgeni. Ungewafungia chumba kimoja kwa wiki moja, nadhani wangetoka na mtaala.

Mshikaji wangu wa mitumba nilimjibu hivyo: nauli ya Newala hadi Mikindani ni ndogo kuliko ya kuja Mbezi Luis, amwambie dogo aanzie huko akaulize. Akaniangalia kwa jicho lile la mtu aliyewahi kudanganywa. "Kaka, akimaliza, huyo mgeni yuko wapi?"

Hapo alinipata, na ndipo penye ugumu wenyewe. Ruvuma siyo Kilombero. Tangu Oktoba 2017 Cabo Delgado, ng'ambo tu hapo, kuna vita, na Oktoba 2020 wavamizi walivuka wakaingia kijiji cha Kitaya upande wetu wakaua watu. Mgeni anayetaka kupumzisha akili hasahau habari kama hizo upesi. Barabara ya Mtwara, Newala hadi Masasi nayo imesubiriwa lami muda mrefu, kilometa 210 ambazo wakati wa masika zilikuwa zinaamua zenyewe lini utafika. Kumfundisha kijana kazi ambayo mteja wake hayupo ni kumpa cheti cha kufungia maandazi.

Kwa hiyo mimi naona dogo asifundishwe samaki peke yake. Afundishwe kuongoza. Masasi ile milima ya mawe iliyosimama kama vichwa vya wazee imejaa, mji umekaa katikati yake, na watu wanapita na basi bila hata kugeuza shingo. Shimo la Mungu liko pale, halidai tiketi wala boti. Lukwika-Lumesule, pori la akiba linalogusa Ruvuma, liko Nanyumbu, wilaya iliyokatwa kutoka Masasi. Wachonga vinyago na ngoma za mapiko wapo. Masasi kuna kanisa na misheni iliyoanza mwaka 1876 na watu waliokombolewa utumwani. Lupaso kuna kaburi la Mzee Mkapa. Kijana anayeweza kuyasimulia haya kwa utaratibu, bila kubabaisha, na akajua kufunga jeraha, anaweza kuanza na walimu, madaktari na wafanyakazi wa miradi waliopo huko huko kila mwisho wa wiki. Samaki aje baadaye, mto ukitulia. Pale Kilimanjaro maguide wengi walianza kwa kubeba mizigo, wakapanda ngazi moja moja.

Halafu kuna jambo moja ambalo wafadhili hupenda kuliruka, nalo ni kubwa kuliko yote. Guyana, Amerika ya Kusini, kuna kijiji kinaitwa Rewa. Ni cha Wamakushi, watu mia chache tu. Walikuwa wanavua arapaima, samaki mkubwa kuliko mtu, hadi akaanza kuadimika. Mwaka 2005 wakafungua nyumba yao ya wageni, baadaye wakaja wataalamu wa kuvua kwa nzi wakafundisha vijana wa kijiji uguide, na arapaima akawa anavuliwa na kurudishwa. Wengi wakisimulia Rewa husifia mafunzo. Mimi nasifia kwamba nyumba ya wageni ni ya kijiji. Pesa inaingia kijijini kwanza, kwa hiyo kijiji kizima kinamlinda samaki, siyo guide peke yake. Ukimfundisha kijana wa Newala kurusha mshipi vizuri kama malaika, lakini kitalu ni cha mtu mwingine, boti ya mtu mwingine na leseni ya mtu mwingine, umemtengeneza mpagazi anayejua Kiingereza.

Kwetu nyenzo zipo. Kuna vikundi vya BMU vya kusimamia uvuvi, na jirani tu pale Tunduru kuna jumuiya ya hifadhi ya Nalika ambayo vijiji viliiunda vyenyewe. Kwa hiyo kabla hamjaagiza fito za kuvulia kutoka ng'ambo, kaeni kwanza kwenye mkutano wa kijiji muandike: kipande hiki cha mto nani anakisimamia, mgeni akilipa laki, kijiji shilingi ngapi, guide shilingi ngapi. Mkutano huo utachosha, watu watagombana, mwenyekiti ataahirisha mara tatu. Hata hivyo ni nafuu kugombana mapema.

Maana mbadala wake tunaujua. Hili jina la machinga tunalowaita vijana wenye bidhaa mabegani lilitokana na vijana wa kusini, Lindi na Mtwara, walioanza kumiminika Dar miaka ya themanini na tisini. Tumelizoea hadi tumesahau kwamba lilikuwa jina la watu wa mahali fulani. Bei ya korosho ikianguka, basi la jioni linajaa. Mwaka 2018 ilifika mahali serikali ikanunua korosho yenyewe kwa Sh 3,300 kwa kilo na wanajeshi wakaenda kuibeba. Mkoa mzima unategemea tunda moja, halafu tunawashangaa vijana wakiuza soksi pale Kariakoo.

Na wasichana je? Kurusha mshipi hakuhitaji misuli, kunahitaji mpigo, na aliyecheza ngoma tangu utotoni mpigo anao. Kufunga nzi ndiyo kabisa. Mwenye shule asije akawaweka jikoni kuwapikia maguide halafu akaita hiyo ajira ya wanawake. Tutamwandika humu humu.

Wale mliozaliwa bondeni, Ruvuma mnayoijua kwa miguu, niandikieni kupitia anwani ya gazeti. Nataka kujua kambale wa kwenu anakula saa ngapi na chambo gani anakikataa. Mzee wetu wa kahawa anasema jongoo. Mimi nabisha.